Rangi Namba Sitini na Moja

"Kwa watumiaji wa leo, wa kesho na wa karne zote zitakazojaliwa kuwa na umeme: salaam! Huu ndio Mwongozo Rasmi, Kamili na wa Pekee wa Kamua, programu inayokamua rangi kutoka kwenye picha za nukta. Usomwe kwa heshima. Usomwe kwa sauti. Mwandishi wake hakulala ili ninyi mlale."

Mwandishi wake alikuwa amelala vizuri sana. Aliitwa Ambokile Mwakatobe, mwanafunzi wa Kidato cha Tano, umri miaka kumi na saba, na dibaji hiyo aliiandika baada ya chai, amekalia ndoo iliyopinduliwa ndani ya stoo ya maharage. Hakuitwa kwenye kazi hii kwa kipaji. Aliadhibiwa. Wiki moja kabla alikuwa amemchora Mkuu wa Shule kwa nukta elfu moja na ishirini na nne, akampitisha kwenye Kamua, kisha akabandika majibu kwenye ubao wa matangazo: Mkuu wa Shule, kwa mujibu wa sayansi, ana rangi nane, na tano kati ya hizo ni za ukuta wa choo.

Mwalimu Mwaisaka, aliyekuwa wa zamu, alilisoma tangazo lile mara mbili. Mara ya pili mabega yake yalitikisika kidogo. Kisha akalibandua.

"Mwakatobe, inaonekana unaijua Kamua kuliko sisi sote."

"Najitahidi, Mwalimu."

"Vizuri. Aliyeitengeneza ndiye aliyekuwa akiiendesha, naye amekufa na hakuacha maandishi. Utatuandikia mwongozo. Kurasa thelathini, bila mchezo."

"Bila mchezo kabisa, Mwalimu," alisema Ambokile, kwa uso wa mtu anayepokea rambirambi.

Shule ya Bweni Ukamilifu ilijengwa kileleni, mahali ambapo Ukungu haukufika. Ukungu huo haukuwa ule wa asubuhi unaoondoka saa nne. Ulikuwa vumbi la kijani lililotuama mabondeni miaka kumi na tisa sasa, na chini yake waliishi watu wa vituo saba, wakitunza mabomba na mitambo ya maji iliyoleta umeme mlimani. Mawimbi ya redio yalipenya Ukungu kwa shida: sauti kidogo, na picha ndogo ndogo. Kwa hiyo kila Jumanne kila kituo kilituma uso wa kila mkazi wake, nukta thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Picha hizo ziliitwa vigae. Kazi ya shule ilikuwa kuzisoma.

Walizisoma kwa sababu ya mnyauko. Mnyauko ulikuwa ugonjwa wa Ukungu, na kabla haujamwangusha mtu ulijionyesha kwa rangi fulani, chini ya macho na kwenye fizi. Rangi gani, wanafunzi hawakuambiwa. Zamani waliwahi kuambiwa, na mmoja wao akaficha kigae cha kaka yake, mwingine akapiga yowe redioni hadi kituo kizima kikakimbia na kupotelea Ukunguni. Tangu hapo Zahanati ndiyo iliyoijua rangi hiyo. Wanafunzi waliijua Kamua tu.

Ambokile aliianza adhabu yake kwa kununa. Kufikia ukurasa wa tano alikuwa ameanza kuipenda, jambo ambalo asingemwambia mtu. Aliandika:

"Kamua husoma kigae nukta kwa nukta, kuanzia kona ya juu kushoto, kama mtu anavyosoma barua. Haijui kwamba inatazama uso. Haijui pua wala kofia. Rangi zinazokaribiana huziweka kundi moja, na kundi zima hupewa namba moja kati ya tisini na sita zilizo kwenye orodha yake. Mwishoni hupanga makundi nane kwenye kibao. Kati ya hizo nane, nyingine ni za mtu na nyingine ni za vitu vilivyo nyuma yake. Mtendaji atafuta rangi za vitu kwa kufuata orodha ya ukurasa wa kumi na mbili. Zitakazobaki zipelekwe Zahanati."

Orodha ya ukurasa wa kumi na mbili ndiyo ilimchosha. Ilibidi apitishe kila kitu kwenye Kamua: chokaa ya ukutani ilikuwa namba nne, gunia ishirini na mbili, blanketi la msaada themanini. Kulikuwa na namba iliyomkera. Sitini na moja ilijitokeza kwenye vigae vya zamani vya mazoezi, mara kwa mara, nukta chache chache, na hakuona kitu chochote chenye rangi hiyo. Akaenda dirishani Zahanati kumuuliza Sista Kalebe.

"Shikamoo, Sista. Sitini na moja ni rangi ya nini?"

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na kiu ya elimu."

"Kanywe maji," alisema Sista, akafunga dirisha.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na chakula cha Jumatano kilikuwa ugali wa unga uliokaa ghalani hadi ukapata rangi ambayo wapishi walikataa kuizungumzia. Ambokile aliuchora sahani nzima kwa nukta, kwa uangalifu wa kidini, akaupitisha kwenye Kamua. Jibu lilipotokea alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye ndoo. Akachukua kalamu, na chini ya blanketi la msaada, kwa mwandiko uleule mzuri, akaongeza mstari wa kumi na saba:

"Namba sitini na moja: ugali wa Jumatano. Ifutwe bila huruma."

Alitegemea Mwalimu Mwaisaka angeuona, angetikisika mabega, angeukata kwa kalamu nyekundu. Mwalimu alikuwa na madaftari mia moja na arobaini ya kusahihisha. Alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akapiga muhuri.

*

Mlimani hakuna aliyefanya kazi kwa kichwa. Kizazi kilichotangulia kilifanya kazi kwa kichwa, na kila mtu aliona kilikotufikisha. Kwa hiyo kila mtambo ulikuwa na watu wawili: msomaji, aliyesoma mwongozo kwa sauti, na mtendaji, aliyefanya kilichosomwa na kuitikia "Tayari." Msomaji hakugusa mtambo. Mtendaji hakugusa karatasi. Kilichopigwa muhuri kilifanywa, na ambacho hakikuandikwa hakikuwapo.

Msomaji wa Kamua alikuwa Tusekile Mbwilo, binti mrefu wa Kidato cha Tano aliyekuwa na sauti ya kusomea taarifa ya habari. Mtendaji, kwa mujibu wa adhabu yake, alikuwa Ambokile mwenyewe.

Jumanne ya kwanza ya mwongozo, Tusekile alisoma orodha ya ukurasa wa kumi na mbili bila kusita hadi mwisho wake.

"Namba sitini na moja: ugali wa..." Akamtazama Ambokile juu ya karatasi. "Wewe bwana."

"Msomaji hatoi maoni," alisema Ambokile kwa sauti ya Mkuu wa Shule.

"Imepigwa muhuri?"

"Tazama mwenyewe."

Aliutazama muhuri, akabana midomo, akashindwa, wakacheka wote wawili hadi machozi. Kisha akajikohoza na kusoma upya: "Ifutwe bila huruma." Ambokile akafuta kwa kidole.

"Tayari."

Jumanne ya pili walitabasamu. Jumanne ya tatu ilikuwa hatua kama hatua nyingine, na kidole cha Ambokile kilifika pale kabla sauti ya Tusekile haijamaliza.

Vituo sita vilikuwa na kamera. Kamera zao zilikuwa kuukuu, zikitawanya kila rangi kwenye namba tatu au nne za jirani, na Zahanati ilikuwa imezoea kuzisoma hivyo hivyo; kwao sitini na moja yenyewe haikutokea hata mara moja. Kituo cha saba, Kituo cha Mto, kamera yake ilikufa zamani. Kilikuwa na Bi Tumpe. Bi Tumpe alimkalisha mtu mbele yake, akamtazama, na kumchora nukta moja moja kwa mkono kwenye kibodi mbovu yenye vitufe kumi na vitatu. Vigae vya kamera vilifanana na matope. Vya Bi Tumpe vilifanana na watu. Kwa nukta nne tu aliweza kuonyesha kwamba mzee fulani ana mzaha, na kwa nukta mbili kwamba mtoto fulani ametoka kulia. Rangi hakuikadiria, aliitafuta hadi akaipata yenyewe.

"Huyu mama angekuwa mlimani angefundisha," Tusekile alisema siku moja.

"Angekuwa mlimani angemchora Mkuu wa Shule, na mwongozo angeuandika yeye."

Jumanne hiyo ya tatu kilikuja kigae cha mtoto wa kiume wa miaka saba, Lugano, mwana wa Bi Tumpe mwenyewe. Alikuwa na pengo mbele, na mama yake alikuwa amelichora pengo kwa nukta moja nyeusi. Kibao chake kilikuwa na sitini na moja. Nukta tatu chini ya jicho la kushoto, mbili chini ya la kulia.

"Ifutwe bila huruma," Tusekile alisoma, akigeuza ukurasa.

"Tayari."

*

Jumanne ya tano Kituo cha Mto kilileta vigae thelathini na vinne. Kabla ya hapo vilikuwa arobaini.

"Wengine wako wapi?" Ambokile aliuliza.

"Mwongozo hausemi tuulize," alisema Tusekile, lakini alivihesabu tena.

Kesho yake, baada ya kipindi cha pili, Ambokile alitumwa kupeleka chaki Zahanati. Alimkuta Sista Kalebe amekaa sakafuni, vibao vya Kituo cha Mto vimetandazwa kumzunguka. Hakuwa mtu wa kukaa sakafuni.

"Weka hapo," alisema bila kuinua kichwa. "Watu sita, Mwakatobe. Mnyauko umewaua watu sita Kituo cha Mto, na mimi hapa nina vibao vya majuma matano, visafi kama sahani za Mkuu. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha."

"Labda ulikuja ghafla, Sista."

"Mnyauko hauji ghafla. Unabisha hodi siku ishirini na moja. Ukipewa dozi ndani ya siku hizo unapona. Zikipita, hata tukupe ndoo nzima ni bure." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nimemwandikia yule mchoraji karipio, likasomwa redioni mbele ya watu wake. Nimemwambia anaficha. Anawachora watu wazuri kuliko walivyo."

"Bi Tumpe haongezi uzuri," alisema Ambokile, na alishangaa kwamba amesema.

"Basi rangi iko wapi? Nimeitafuta hadi macho yananiuma." Na kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa siri haikuwa na maana tena kwa watu sita, Sista alichomoa kadi kutoka mfuko wa gauni lake na kuitupa juu ya vibao. "Hii. Ndiyo hii. Iko wapi?"

Kadi ilikuwa ndogo kama kiberiti. Rangi yake ilikuwa kijivu chenye zambarau kwa mbali. Ambokile hakuhitaji kusoma namba iliyoandikwa chini.

"Mbona umeshika ukuta?" Sista aliuliza.

"Sijala, Sista."

"Kale. Leo si Jumatano?"

*

Sheria ilikuwa fupi, na Ambokile aliijua kwa moyo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeinakili mwishoni mwa mwongozo, kwa herufi za kupendeza. Kigae kilichosomwa hupigwa lakiri na hakisomwi tena. Lakiri huvunjwa kwa njia moja tu: mwandishi wa mwongozo aseme kwa sauti yake mwenyewe, redioni, kwa kituo husika, kwamba mwongozo ulikosea. Na mwandishi wa mwongozo wa uongo hushuka bondeni, kwenye kituo alichokikosea, kufanya kazi ya wale waliopotea.

Aliposoma kifungu hicho mara ya kwanza alikiona kizuri. Kilikuwa na mdundo.

Sasa alikifikiria kitandani, darasani, na kwenye mstari wa chakula, sahani mkononi, mpishi akimuuliza kama anasubiri muziki. Akijitangaza, vigae vya Kituo cha Mto vitafunguliwa, na walio bado ndani ya siku zao watapata dozi. Lugano alifutwa Jumanne ya tatu. Jumatano hii ilikuwa siku yake ya kumi na tano. Lakini akijitangaza atashuka. Aliyeshuka hakupanda tena. Sheria haikusema hivyo, ila hakuwahi kusikia aliyepanda.

Kulikuwa na njia nyingine, na uzuri wake ulimtisha. Angeweza kuuondoa mstari wa kumi na saba kimyakimya. Toleo la Pili, lililorekebishwa makosa madogo ya uandishi. Jumanne ijayo Kamua ingekamua, asingefuta, Zahanati ingeiona rangi, na watu wa kuanzia Jumanne hiyo wangeokolewa. Wengi wangeokolewa. Wale walioanza majuma ya nyuma tu ndio wangekuwa wamepitwa. Na huenda wamepitwa hata sasa. Na huenda Bi Tumpe alikosea jicho la mwanawe. Mtu akitafuta huenda, anazipata nyingi.

Alhamisi aliliandika Toleo la Pili. Kurasa thelathini zilezile, bila mzaha hata mmoja, hata dibaji aliifuta. Mwalimu Mwaisaka alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akapiga muhuri.

"Umekua, Mwakatobe," alisema.

Ijumaa ilipita. Ambokile alishinda mchezo wa bao mara tatu na hakukumbuka alicheza na nani.

Jumamosi baada ya usafi, Tusekile alimkuta nyuma ya bweni akianika shati. Alikuwa na matoleo yote mawili, moja kila mkono.

"Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa na mistari kumi na saba," alisema. "Sasa una kumi na sita."

"Nilirekebisha. Ulikuwa utani wa kitoto."

"Ulikuwa utani wa kitoto majuma matano. Kwa nini umeacha kuwa utani Alhamisi?"

"Watu hukua. Mwalimu kasema."

"Ambo, usinichezee. Mimi nasoma huo ukurasa kila Jumanne, naujua kuliko sala. Ulienda Zahanati Jumatano. Ulirudi ukiwa na rangi ya majivu. Alhamisi mstari umetoka." Alimnyooshea toleo la kwanza. "Sitini na moja ni nini?"

Alikuwa na majibu manne ya kuchekesha. Yote manne yalifika mdomoni na kurudi.

"Ambo. Ni nini?"

"Unajua ni nini."

Tusekile aliketi kwenye jiwe la kufulia. Kwa muda aliziangalia karatasi kama mtu anayetazama mikono yake.

"Niliisoma kwa mdomo wangu," alisema. "Kwa sauti nzuri. Nilikuwa nabadilisha sauti pale kwenye 'bila huruma'."

"Hukujua. Wala mimi sikujua."

"Mpaka Jumatano."

Ambokile alilikunja shati, akalikunjua, akalianika tena.

"Nikisema, nashuka."

"Yule mtoto wa pengo. Siku ya ngapi leo?"

"Tuse..."

"Wewe ndiye mtaalamu wa namba. Siku ya ngapi?"

"Ya kumi na nane."

"Na Jumanne?"

"Ya ishirini na moja. Kigae kikisomwa Jumanne, dawa itafika Jumatano."

"Kwa hiyo ulishapiga hesabu," alisema Tusekile taratibu. "Ulikaa ukapiga hesabu, kisha ukaenda kucheza bao." Alisimama. "Mimi naenda kwa Mwalimu Mwaisaka. Ukitaka kutangulia, tangulia, una miguu mirefu."

Hakutangulia. Alimfuata nyuma, hatua tano, shati bichi alilolianua begani.

*

Walimkuta kwenye chumba cha redio. Mwalimu Mwaisaka alisoma ukurasa wa kumi na mbili wa toleo la kwanza, ule aliokuwa ameupigia muhuri bila kuusoma. Safari hii aliusoma wote. Alipofika chini, mabega yake hayakutikisika. Alivua miwani, akaivaa, akainuka na kufunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi," alisema Tusekile. "Na wewe, Mwalimu."

"Sawa. Sikilizeni." Aliongea haraka, kwa sauti ya chini. "Tutasema Kamua imeharibika. Mtambo ni wa zamani, kila mtu ataamini. Vigae vyote vya nyuma vitatupwa, vituo vitaleta vipya Jumanne, tunaanza upya. Hakuna atakayeshuka. Wewe ni mtoto, Mwakatobe. Hukukusudia. Na ule muhuri..."

"Vikitupwa havitafunguliwa," alisema Tusekile.

"Najua."

"Kuna mtoto ambaye Jumanne..."

"Najua, Mbwilo! Nimefundisha hesabu miaka ishirini!" Alipaza sauti, kisha akaishusha. "Mtoto mmoja tunayemjua jina. Nami hapa nina mwingine ninayemjua jina. Niambieni nifanye nini."

Ambokile aliitazama redio. Jambo la ajabu ni kwamba hakujisikia shujaa hata kidogo. Alijisikia mtu anayepewa sahani ya pili ya kitu alichotamani, na harufu yake imeanza kumtapisha. Uongo wa Mwalimu ulikuwa mzuri kuliko wake. Ulikuwa na muhuri. Angeweza kuitikia "Tayari" na kwenda kulala. Tusekile alikuwa akimtazama, lakini si kwa hasira tena. Alikuwa akisubiri tu kuona ni mtu wa namna gani, kama mtu anayesubiri Kamua imalize kigae.

Akavuta kiti. Akabonyeza kitufe.

"Kituo cha Mto, Kituo cha Mto. Huku ni Ukamilifu. Mnanipata?"

"Mwakatobe," alisema Mwalimu, lakini hakunyoosha mkono kumzuia.

Ukungu ulikwaruza kwa muda. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, nzito, iliyokauka.

"Tunakupata. Tumpe hapa. Kama ni karipio jingine lisome haraka, nina mtu wa kumchora na mwanga unaniishia."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sema."

Katika maisha yake yote Ambokile hakuwahi kukosa namna ya kuanza. "Mimi ni mwandishi wa mwongozo wa Kamua," alisema. "Naitwa Ambokile Mwakatobe. Natamka kwa sauti yangu kwamba mwongozo ulikosea. Vigae vyako vilikuwa sahihi, Mama. Vyote. Rangi uliyoiweka chini ya macho ya watu wako ilifika hapa kama ulivyoiweka. Tuliifuta."

Nyuma yake alisikia mlango ukifunguliwa na miguu ya Tusekile ikikimbia kuelekea Zahanati. Sista angeanza kuvunja lakiri mara moja, na Lugano angekuwa wa kwanza.

"Nani aliifuta?" iliuliza redio.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Niliandika ifutwe."

"Nimekuuliza kwa nini, mwanangu."

"Ulikuwa utani."

Ukwaruzo ulirudi, ukajaa chumba, ukapungua.

"Utani," alisema Bi Tumpe. "Haya. Nieleze."

"Mama?"

"Nieleze huo utani. Tumezika sita kwa ajili yake, na wa saba tumemzika jana asubuhi, na hapa hakuna aliyeusikia. Anzia mwanzo."

Akaanzia mwanzo. Alieleza kuhusu ugali wa Jumatano, na unga uliokaa ghalani, na jinsi alivyouchora sahani nzima. Alieleza ndoo aliyoanguka. Alieleza neno kwa neno mstari wenyewe, na sauti ilikatika kwenye neno la mwisho ikabidi alirudie. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwongozo, kwa sababu hakujua namna nyingine. Mwalimu Mwaisaka alikuwa amegeukia ukuta.

Alipomaliza, Bi Tumpe alirudi hewani.

"Kwa hiyo hukuijua rangi ile ni nini," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, sauti ya mtu anayetafuta mahali pa kuutua mzigo. "Walikuficha. Hukujua. Wewe ni mtoto uliyechezea kitu usichokijua. Ndivyo?"

Ilikuwa imetosha. Lakiri zilikuwa zinavunjwa. Sheria haikudai zaidi ya pale, na mama mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango na kumwonyesha njia ya kutokea. Tusekile alikuwa amerudi, anahema, amesimama kizingitini na mkono mdomoni.

Ambokile alibonyeza kitufe.

"Hapana, Mama," alisema. "Nilijua tangu Jumatano."